Tangawizi Palipokuwa na Matoka

Mama mmoja wa Kinoo, jina lake Wangu, alikuwa na mikono inayonuka tangawizi hata Jumapili kanisani. Ukimsalimia, harufu yake ulikwenda nayo mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa namsalimia kwa mikono miwili, maana nilikuwa na hoteli ya mabati kando ya Waiyaki Way, na viungo vyake ndivyo vilivyonijazia benchi. Madereva wa malori walidhani fundi wa pilau ni mimi. Niliwaacha wadhani hivyo.

Alikuwa ameolewa Murang'a. Mwaka 2001 akarudi kwa baba yake na sanduku moja na jino moja pungufu. Hakueleza, na baba yake, Mzee Zachariah, hakuuliza. Alimpeleka nyuma ya nyumba, palipokuwa na zizi zamani, akamwonyesha kipande cha shamba kwenye mteremko.

"Hapa ni pako," akamwambia. "Hakuna mtu atakutoa hapa."

Kisha mzee akashika jembe mwenyewe, na mgongo wake ule uliopinda, akapanda matoka kwa mstari kutoka juu hadi chini.

Mimi ni Mkamba, mwanzoni niliona maua tu: vitunguu vikubwa ndani ya udongo, majani marefu, ua jeupe lenye wekundu wa mbali. Wangu ndiye aliyenieleza. Kwa Wakikuyu wa zamani itoka ni shahidi wa mpaka. Likishapandwa, hata watu wawili wakichukiana namna gani, hakuna anayeligusa. Shamba lote lilikuwa bado kwa jina la mzee, na hakuwa na haraka ya kwenda kwenye ofisi za ardhi. Alikuwa amepanda matoka. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Kwenye mteremko ule Wangu alianza na dania na pilipili, kisha rosemari. Vyote vilikubali. Dania aliiacha ikomae mpaka mbegu zikakauka juu ya shina, akazikaanga kwenye sufuria kavu na kuzitwanga. Pilipili alizianika juu ya mabati. Mara moja alizipeleka kwenye posho mill. Mwenye kinu akasaga bila kufikiri, na aliyefuata na mahindi yake alikula ugali wa kumtoa machozi nyumba nzima. Tangu hapo Wangu akionekana na mfuko wowote, mashine inazimwa. "Leo stima imepotea, mama," jamaa anasema, na redio yake inaimba. Basi Wangu akanunua kinu cha mti na kutwanga mwenyewe, kitambaa kimefungwa puani kama mwizi wa benki.

Alichokitaka hasa ni tangawizi. Kila mtu alimwambia tangawizi haiwezi baridi ya Kinoo. Julai yetu mnaijua: hata kuku wanasita kutoka nje. Lakini Wangu alikuwa na ubishi. Aliifunika kwa nyasi, akaisemesha, akaisukumia samadi. Ilitoka vidole vyembamba vya kutia huruma. Akaona kwamba pale inapopata jua la asubuhi na samadi ya zizi la zamani inanenepa kidogo, na mahali pazuri kuliko pote palikuwa ni pale pale kwenye mstari wa matoka.

Macharia, kaka yake mdogo, alikuwa karani katika ofisi moja Upper Hill. Alikuwa amejenga nyumba ya mawe hapo hapo bomani, na mkewe Cate alipenda vitu vya kupendeza. Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda kuchukua viungo vyangu nikamkuta Macharia amesimama na dada yake shambani, kikombe cha chai mkononi, chai yenye tangawizi ya Wangu.

"Hii maua inakula mbolea ya bure," alisema. "Ng'oa tu, upande tangawizi yako."

"Lakini ni matoka ya baba," Wangu akasema.

"Wangu, kwani mimi na wewe tunahitaji mpaka? Si tulinyonya titi moja?"

Wangu alicheka. Nawaambia alicheka kwa furaha, kwa sababu tangu arudi kutoka Murang'a hakuna aliyekuwa amemwambia neno tamu kama lile. Mzee alikuwa amelala ndani, kiharusi kimemshika upande mmoja na ulimi pia, hakuona kitu. Macharia akavua koti, akachimba matoka yote kwa mkono wake mwenyewe, na Wangu akamshikia ndoo. Cate akaja akachukua vitunguu vya matoka akavipanda kwa mstari langoni kwake, kila upande wa geti. Vilimea vizuri, siwezi kumnyima sifa yake.

Mwaka ule tangawizi ilinenepa. Wangu aliikwangua maganda kwa kijiko, akaikata vipande vyembamba, akaikausha kwenye chekecheke juu ya jiko la makaa kwa sababu jua lilikuwa limegoma. Aliniletea ya kwanza kabisa kwenye kopo la majani chai. Niliifungua nikapiga chafya mpaka wateja wakacheka. Sijawahi kumwona mtu akijivunia chafya ya mwenzake namna ile.

Mzee Zachariah alifariki mwaka 2005. Matanga yalipokwisha, Macharia akaita wazee wa mbari wagawe shamba. Akachinja mbuzi. Na nani aliombwa kuandaa pilau ya wazee? Wangu. "Wewe ndiye mwenye mkono," Cate alimwambia. Wangu akaniita nimsaidie, nikafunga hoteli yangu nikaenda. Alitoa kopo la akiba, akamwaga lote. Nikamwambia abakishe kidogo. Akasema, "Kasyoka, leo ni siku ya kunipa shamba langu. Nibakishe ya nini?"

Wazee walikula. Walisifu, wakajilamba vidole, mmoja akaomba afungiwe ya kumpelekea mkewe. Ndipo wakakaa sebuleni, na mkubwa wao akauliza kama mzee aliacha neno lolote. Wangu akasema baba alimpa mteremko ule na kumpandia matoka.

"Matoka iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

Wangu akamtazama kaka yake, akingoja aseme. Nami nilikuwa mlangoni na sinia la vyombo, nikamtazama pia.

Macharia alifuta mdomo. "Mimi huko naona tangawizi," akasema. "Na tangawizi hata mpangaji anaweza kupanda."

Nilishindwa kujizuia. "Si hiyo iko kwa geti!" nikapaza sauti. "Mmepita katikati yake mkiingia! Aling'oa yeye mwenyewe, mimi nikiwa hapo!"

"Hiyo ni maua ya Cate," Macharia akasema polepole.

Mkubwa wao akanitazama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Mama, wewe ni mpishi, na si wa mbari hii," akaniambia. Kisha akamgeukia Wangu. "Itoka husema pale liliposimama. Nani alikwambia uliguse? Baba yako angekuwa na macho, ungeligusa?"

Ndoo siku ile aliishika Wangu mwenyewe. Mteremko ukaenda kwa Macharia pamoja na shamba lote, na wazee wakaondoka wameshiba.

Nilimwambia aende kortini. Binamu yake Norman alimwambia pia: kuna sheria, mtoto wa kike ana haki yake, mashamba siku hizi hayagawanywi kwa maua. Wangu akasema hawezi kumshtaki mtoto wa mama yake. Nilimkasirikia kwa hilo, na bado nina hasira. Adui wa mtu ni mtu wake. Tunalisema wote, halafu tunamkaribisha chai.

Macharia alijenga vyumba vya kupangisha kwenye mteremko. Mafundi walipochimba msingi, tangawizi ilitupwa na udongo. Wangu akaokota alichoweza, akahamia Riruta, chumba kimoja katika ploti moja karibu na Naivasha Road. Huko alipanda kwenye magunia na madebe mlangoni, kilichokubali kikakubali. Tangawizi ilikataa. Niliendelea kununua dania na pilipili zake, lakini pilau yangu haikurudi kuwa ile, na wateja waliniambia.

Mwaka 2008 nilikuwa kwake siku Shiku, binti wa Macharia, alipokuja. Alikuwa msichana mwenye adabu, hakuwa na kosa lolote. Alisalimia kwa unyenyekevu, akamwita Wangu "tata", kama Wakikuyu wanavyomwita shangazi, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Tata, wanaleta ruracio yangu mwezi ujao. Mum anasema hakuna masala kama yako. Anauliza kama unaweza kututengenezea."

Mahari ya mtoto wa Macharia, iliwe kwa viungo vya Wangu! Nilitaka kumfukuza mtoto wa watu. Wangu alinishika goti.

"Nitatengeneza," akasema. "Ile maua ya kwa geti bado iko?"

"Imejaa, tata. Hata Dad alitaka kuipunguza, magari yanaikanyaga."

"Niletee mzizi mmoja."

Shiku alileta. Wangu alimpa kopo la viungo, na lile itoka akalipanda kwenye debe lililokuwa la tangawizi, pale mlangoni kwenye simiti ya mwenye ploti. Mvua zilipokuja itoka likatoa ua.

Mwangalizi wa ploti alipita akikagua maji, akasimama. "Na hii ni kiungo gani, mama? Inawekwa kwa chakula gani?"

"Haiwekwi kwa chakula," Wangu akasema. "Huyo ni shahidi wangu."

"Shahidi wa nini?"

Wangu akazungusha debe kidogo ili majani yapate jua. "Hata yeye hajui tena," akasema, akarudi ndani kutwanga.