Kidole Changu Ndani ya Kichupa cha Bi Salma

Nikilikumbuka jambo hili mpaka leo nainamisha uso, na lau si kwamba nyinyi ni watu wangu nisingelisema, maana mke wa mtu, mzima na akili zake, kukwama kidole ndani ya chupa, mbele ya wanawake wa mtaa, si habari ya kutembea nayo.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, tuna miezi mitatu Maskati, mimi na mume wangu na masanduku mawili tuliyotoka nayo Unguja, na Bi Salma, mjane asiyekuwa na udugu nasi wowote (Kiswahili chake alikipata kwa kukaa Unguja utotoni), katupa chumba nyumbani kwake. Rafuni alikuwa na kichupa cha kioo, kirefu kama kiganja, samawati iliyoiva, na mistari ya manjano na myeupe imepindapinda kukizunguka. Marehemu baba yake alikikuta ardhini alipochimba kisima Qurayyat, akamwambia watu wa kale wakitilia mafuta yao ya kujipaka. Ndicho kitu pekee cha baba yake alichobaki nacho.

Siku hiyo jirani ana arubaini ya mtoto wake mchanga. Bi Salma goti linamuuma, akasema haendi, akajilaza. Mimi nina mafuta yangu ya asumini kutoka nyumbani, lakini yamo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na nikaona haya kuitoa mbele ya wanawake wenye vichupa vya fahari (simsingizii shetani, kiburi kilikuwa changu). Nikayamimina ndani ya kile cha rafuni, nikijiambia nitakirudisha kabla hajaamka.

Kule wakakisifu, na mimi nikavimba kichwa. Yule jirani akataka kupakwa, mafuta mazito hayatoki, basi nikatia kidole cha shahada. Kifundo kikapita kuingia. Kutoka kikakataa, juu ya mafuta yote hayo. Nikauficha mkono ndani ya shela, nikapokea kahawa kwa mkono wa kushoto, watu wakatazamana, halwa ikaja nikasema nimeshiba, na jasho linanitiririka.

Mara nani anaingia? Bi Salma, goti limempa nafuu, anampa kila mtu mkono mpaka akanifikia mimi. Nikampa wa kushoto.

"Mkono wa kulia una nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikautoa. Nilitamani nife.

Akakaa, akakishika kidole, kimeshageuka zambarau. Wakaleta sabuni, wakaleta uzi, nikavutwa mpaka machozi yakanitoka. Kisha akasema, "Nipeni kitambaa na mchi wa kinu."

"Bibi, usikivunje. Cha baba yako hicho."

"Baba angekuwepo angeshakivunja zamani, wewe unakaa unalia. Fumba macho."

Akakizungushia kitambaa, akagonga mara moja, akagonga tena, na nikasikia kioo kinaachia. Kidole kilitoka na mikwaruzo miwili tu. Akavikusanya vipande, akavifunga ndani ya kitambaa kile kile.

Nikamwambia, "Nimekuchukulia bila kuomba."

"Nnajua. Ungeomba nngekupa." Akanawa mikono, akamega halwa, akanilisha mwenyewe kwa kuwa kidole changu kimefungwa, huku akiwaambia wale wanawake, "Huyu mwanangu, hajala tangu asubuhi."

Tulikaa kwake miaka minne baada ya hapo, na hata siku moja hakunitajia kile kichupa, si kwa hasira wala kwa mzaha. Mimi tangu siku hiyo sijachukua cha mtu bila kuomba, hata sindano. Na mgeni akija mlangoni kwangu hana pa kukaa, sijapata kumwachia aseme mara mbili.