Mtu Aliyeulizia Kilima cha Nyamugari

Siku tatu mfululizo mwanaume yule alisimama ng'ambo ya barabara akiitazama nyumba yetu.

Februari ya Durban mnaijua. Lami inalainika. Yeye kavaa koti zito la kijivu, kalifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Havuti sigara. Hasogei kivulini. Anatazama tu.

Naitwa Sesilia Ambokile. Shule nimeishia la saba, mtanivumilia nikikosea kuandika. Ila kuangalia, naangalia. Nikimwona mtu mara moja nakwambia hata kifungo gani cha shati kimekatika.

Ilikuwa 1998. Tulikuwa tunakaa Bluff, ule ulimi wa nchi uliotokeza kando ya bandari. Upande huu unaona meli zinapakiwa, upande ule mawimbi.

Na sisi wa Bluff tulikuwa na maringo, siwezi kuficha. Waswahili wenzetu wa mjini, kule Point, walijazana wanane chumba kimoja na lifti haifanyi kazi. Sisi tulikuwa na nyumba nzima! Ya kizamani, ya bati, lakini imepakwa rangi ya bluu. Tuna majani mbele. Tuna mpapai. Tuna tumbili wanaoingia dirishani kuiba mkate, na hata hao tulijisifia.

Jumapili watu wa mjini walipanda taxi kuja kula sombe kwetu, kisamvu cha Kikongo.

Aliyeipanga nyumba na kutugawia vyumba ni Baudouin, Mkongo, fundi cherehani. Wageni wakishashiba anasimama katikati ya ua, mkono kifuani.

"Hapa hakuna mambo ya kabila! Ule anapita mulango hii, iko mutu ya Bluff. Munasikia?"

"Tunasikia, Papa Baudouin! Ongeza pilipili!"

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Huulizi kabila la mtu. Huulizi ukoo wake. Huulizi kwao alitokaje. Tuliona huo ndio ustaarabu wenyewe, na watu wa mjini hawana.

Chumba cha pili walikaa Jacques na mkewe Epiphanie, Warundi.

Nilipofika Durban sina hata shuka, Epiphanie alinilaza kitandani kwake miezi miwili. Jacques akawa analala jikoni. Huyo hakuwa rafiki, alikuwa dada.

Na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mimba mbili za kwanza ziliharibika njiani, kwenye kukimbia vita. Daktari alimwambia: hii, ulale, na usishtuke. Nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa vidole.

Sasa siku moja Odette, mke wa Baudouin, karudi sokoni, hata kikapu hajatua.

"Ma chère, kule mujini iko mutu anauliza-uliza. Anauliza kama iko mutu ya Nyamugari."

Epiphanie alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Nyamugari ndiyo nini?" nikauliza.

"Kilima," akasema polepole. "Kwetu kila mtu ana kilima chake. Nyamugari ni changu."

"Basi si mtu wa kwenu tu?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza moto ni nini.

"Sesi. Mwaka ule wa mauaji walikuja hivyo hivyo. Walianza kwa kuulizia kilima. Mtu akikutafuta kwa kilima chako, hajaja kukusalimia."

Jioni ile akaanza kutoka damu.

Ilikata, tukamshukuru Mungu. Baudouin akatuita uani, sauti ya chini.

"Hapana mutu kumwambia tena kitu. Akisikia neno moja tu, mutoto anaenda. Na ule mutu akifika hapa, haingie. Mutu ya Bluff hachukuliwe."

Tukaitikia. Jacques hakuitikia. Alikuwa ananoa panga.

Wiki haijaisha, koti la kijivu likasimama ng'ambo ya barabara.

Siku ya kwanza nikadhani anasubiri taxi. Taxi tano zikapita.

Siku ya pili nikafunga pazia la Epiphanie. "Jua," nikamdanganya.

Siku ya tatu wote wako kazini, nipo mimi na Epiphanie. Mara namwona jamaa anavuka barabara.

Nikatoka mbio, nikamkuta getini kabla hajagusa komeo.

Karibu alikuwa anatisha zaidi. Kovu limeanza sikioni likashuka mpaka pembe ya mdomo, kwa hiyo hata akinyamaza unadhani anacheka.

"Habari za hapa, dada."

"Unamtaka nani?"

"Epiphanie. Wa Nyamugari. Wameniambia yuko Bluff."

"Wewe ni nani yake?"

"Kaka yake."

"Kaka wa vipi?"

"Wa tumbo moja."

Nikanyoosha mkono. "Lete karatasi yako."

Akafungua koti, kifungo kimoja kimoja. Akatoa karatasi ya ukimbizi, kaifunga kwenye nailoni. Nikasoma. Nikarudia.

Bigirimana Térence.

Sikilizeni. Mimi ni Sesilia Ambokile. Kaka yangu ni Gadiel Ambokile. Kwa nini? Kwa sababu baba yetu ni Ambokile. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo.

Epiphanie ni Nimbona. Karatasi yake naijua kuliko yangu, mimi ndiye niliyekuwa nampangia foleni ya kuigonga muhuri.

Nimbona na Bigirimana, tumbo moja? Nikasema moyoni: umenasa, baba. Umekuja kuua na hata jina hujalipanga.

Nikajiona mimi ndiye ukuta wa nyumba ile.

"Umechelewa," nikamwambia. "Epiphanie alikufa."

Nikamrudishia karatasi yake.

"Kambini, Kigoma. Homa. Wanaokwambia yuko Bluff wanamchanganya na mtu mwingine."

"Lini?"

Nikaitoa tarehe hewani. "Tarehe saba, mwezi wa tisa."

Akaitamka kwa midomo bila sauti, kama anayeifunga mahali isimdondoke. Kisha akakaa chini, pale pale ukingoni mwa barabara, magari yanampita.

"Alizikwa na watu?"

"Wengi."

"Asante, dada."

Mimi ndani yangu nasema, lo, huyu anajua kuigiza!

Akainuka. Akashuka kuelekea kituoni. Hakugeuka hata mara moja.

Kurudi ndani, Epiphanie ananiuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Muuza mifagio."

Jioni Baudouin alinipigia makofi. "Huyu ndiye mutu ya Bluff kabisa kabisa!" Jacques alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlenga.

Nikawaeleza koti. Nikawaeleza kovu.

Hakuna aliyeniuliza jina. Na mimi sikulitaja. Jina la mwongo lina kazi gani?

Mtoto alizaliwa mwezi wa nne. Wa kike, mzima, mapafu kama king'ora cha bandari. Nilicheza mpaka nesi akanitoa wodini.

Kesho yake mimi na Epiphanie tukaenda kumwandikisha kwenye dirisha la vizazi pale hospitali. Karani, mama wa Kizulu mnene mcheshi, kainamia fomu.

"Jina la mtoto?"

"Anaïs."

"Na la ukoo?"

"Niyonkuru."

Karani akainua kalamu. "Baba ameandikwa Hakizimana. Wewe Nimbona. Huyu Niyonkuru ametoka wapi? Eish, mama, mmemuokota?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Epiphanie naye akacheka.

"Kwetu hatuna jina la ukoo. Kila mtoto anapewa lake, siku yake."

Mimi nilikuwa nimembeba mtoto.

"Hata ndugu?" nikauliza. "Wa baba mmoja, mama mmoja?"

"Hata ndugu, Sesi. Mimi Nimbona. Kaka yangu, Mungu amlaze, alikuwa Bigirimana."

Nikaiona tena ile karatasi ya kwenye nailoni.

Miaka miwili nimekaa nyumba moja na mtu huyu, nimekula naye, nimempangia foleni. Sikuwahi kumuuliza kwao watu wanaitwaje. Tulikuwa tunajivunia kutouliza.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza.

Nikamketisha kwenye benchi, nikamrudishia mtoto wake mkononi kwanza, nikamwambia. Yote. Koti, karatasi, Kigoma, tarehe saba.

Hakupiga kelele. Alimfunika mtoto vizuri kwa kitenge.

"Alikuwa na viatu?"

"Ndiyo. Vya kahawia. Kamba ya kushoto nyeupe."

"Tulipopotezana alikuwa peku," akasema.

Tulimtafuta. Jacques na kaka yangu Gadiel, aliyekuwa amenifuata Durban, walizunguka Point yote, makanisani, bandarini. Mmoja anasema alipanda lori la Cape Town. Mwingine anasema hapana, karudi Burundi, alisema hana tena wa kumtafuta huku. Na kurudi mwaka ule, vita haijaisha, mnajua wenyewe.

Jumapili iliyofuata wageni walipokuja, Baudouin akasimama kama kawaida, mkono kifuani. Kabla hajafungua mdomo Epiphanie akainuka na mtoto mgongoni.

"Papa Baudouin, pardon. Leo kabla ya chakula kila mtu ataje jina lake lote. Na la ndugu zake. Na wapi walipotezana."

Baudouin akakaa. Kisha, taratibu, yeye mwenyewe akaanza. Sombe lilipoa kabisa siku ile.

Anaïs sasa anatembea. Epiphanie ananisalimia. Nikiomba chumvi ananipa. Kitandani kwake sikai tena, na hajaniambia nisikae.

Jambo ninalowaachia ni hili. Usijigambe kwamba hamuulizani. Muulize jirani yako anaitwa nani na kwa nini anaitwa hivyo, ungali unaweza. Mimi nilidhani namlinda mtu, kumbe nilikuwa nalinda sifa ya nyumba ya bluu na akili yangu ya darasa la saba.

Na wewe unayesoma, uwe Cape Town, uwe Bujumbura, uwe popote. Ukimwona mwanaume mrefu, kovu kutoka sikioni hadi mdomoni, ikifika tarehe saba ya mwezi wa tisa anakaa peke yake na hataki kula, muulize jina.

Akisema Bigirimana, mwambie dada yake yuko hai. Mwambie aliyemdanganya ni mimi.