Wifi Alisema Ubavu

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo, na kumsifia wifi ndiyo kabisa, maana wifi ukimsifia leo, kesho anakuja kukupangia vyombo jikoni kwako. Lakini huyu mke wa kaka yangu nitamsifia, na asiyetaka kusikia aende zake.

Wifi alikuwa mkuu wa waokoaji ufukweni kwetu. Ni mwembamba, na nyumbani sauti yake ni ndogo hadi unamwomba arudie. Akifika kazini akapuliza filimbi, hata mbwa wanatoka majini. Kofia nyekundu ilikuwa yake peke yake, wenzake walivaa za njano. Kila asubuhi kabla watu hawajafika, huingia majini hadi kifuani, akasimama tu. Anasema mchanga ukikimbia chini ya nyayo, basi hapo ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu, na hapo ndipo anapochomeka bendera nyekundu. Kisha anapanda kufagia njia.

Hiyo njia ndiyo roho yetu. Ni uchochoro kati ya kuta mbili ndefu za wenye nyumba za ufukweni, upana wake ni wa kupishana watu wawili wasiochukiana. Mtaa mzima hatuna pengine pa kupita kwenda baharini. Mama yangu magoti yamemchoka. Hushuka nayo kila asubuhi, anaketi kwenye kiti cha plastiki maji yakimfika magotini, na akirudi anapanda ngazi za kwangu bila kulalamika. Njia ikizibwa, kufika ufukweni ni kuzunguka hadi bandarini, na kwa miguu ile Mama hafiki. Kiti ni wifi anayembebea, na hakuna aliyewahi kumtuma.

Sasa hayo maji yanayorudi. Wifi alitufundisha, wakubwa kwa wadogo, kwamba yakikuvuta usishindane nayo, hutayaweza. Nenda kwa ubavu, uufuate ufuo, mpaka yakuachie, ndipo urudi nchi kavu. Na kwa kuwa mtu aliyechanganyikiwa hasikii hotuba, akachagua neno moja la kumpigia kelele: ubavu. Akaliandika kwenye kibao mwanzo wa njia, herufi kubwa, rangi nyeupe.

Mume wangu hayo mafunzo hakuyahudhuria. Ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mabega ya kubebea friji, na anaamini hakuna kitu duniani asichoweza kukisukuma. Jumapili moja akaingia palepale penye bendera nyekundu, eti upande ule maji yametulia. Mimi niko mchangani namenya machungwa. Nikamwona anazidi kuwa mdogo. Wifi alishamwona kabla yangu. Filimbi ikalia, kisha kipaza sauti: "Ubavu! Ubavu!"

Na yule baba akaongeza nguvu. Alielekeza kichwa ufukweni, akayapiga maji kama anayelima. Wifi akiita ubavu, yeye anaongeza. Anapiga wala hasogei, mpaka mikono ikalegea na kichwa kikaanza kuzama na kuibuka. Machungwa sijui yaliishia wapi. Wifi alikuwa keshaingia na boya, kamba kiunoni, wenzake wameishika huku ufukweni. Akamfikia, akamlaza juu ya boya, wakavutwa wote wawili.

Alipomaliza kutapika maji nilimuuliza, kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, kwa nini hakufanya alichoambiwa.

"Nimefanya," akasema. "Shemeji kaniambia ubavu. Nikajua ananitia moyo, kwamba ubavu ninao, nikaze."

Nilicheka huku nalia. Wifi hakucheka. Alikaa mchangani, boya mapajani, analitamka lile neno polepole kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

Habari ikaenea, na wenye kuta walikuwa wakiisubiri kwa hamu. Kamati ya mtaa ikaitisha mkutano: mtu amenusurika kufa, basi njia ifungwe kwa geti na kufuli, kwa usalama wa watu. Usalama, jamani. Watu ambao hata boya moja hawajawahi kuchangia. Na mmoja wao alikuwa na uso wa kumuuliza mume wangu kama angependa kulichomelea hilo geti.

Siku ya mkutano nilimshauri wifi njiani. "Sema ni mbishi, kaidharau bendera. Ni mume wangu, nimekuruhusu, mseme mpaka uchoke."

"Nitasema ukweli, wifi," akajibu, na mimi nikajua tumekwisha.

Ukumbi wa ofisi ya mtaa una feni moja inayozunguka ikijisikia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa nyuma ya meza, sisi kwenye viti. Wifi akasimama, kofia mkononi, akaomba watu wote wasimame. Alisema kwa sauti yake ya nyumbani, ikabidi mwenyekiti amwambie arudie.

"Fikirini mko majini, mnavutwa," akasema. "Ufuo uko mbele yenu." Kisha ikatoka ile sauti ya kazini: "Ubavu!"

Sisi tuliofundishwa tukageuka upande. Nusu ya ukumbi ikasukuma mbele. Mwenyekiti mwenyewe aliisukuma meza kwa tumbo hadi ikawagonga waliokuwa mbele, na watu wakaangua kicheko.

Wifi akangoja kinyamaze. "Pembeni!"

Ukumbi mzima ukahama, mwenyekiti naye, bila mtu kufikiri. Tumeambiwa pembeni maisha yetu yote, na wasukuma mikokoteni, na mama zetu wakifagia.

"Shemeji alifuata nilichomwambia," wifi akasema. "Kosa si la bahari, wala si la njia. Ni langu, nilichagua neno baya, na kibao nimeshakiandika upya. Kama lazima mzibe kitu, nizibeni mimi mdomo. Njia iacheni."

Nilitamani kumvuta gauni akae. Hapo mume wangu akasimama, yeye ambaye karakana nzima alikuwa ameiambia kwamba msuli ulimkaza. "Na bendera niliiona," akasema, akaketi. Kwa mtu kama yule, hiyo ni hotuba.

Walibishana mpaka koo zikakauka. Mwishowe njia ikabaki wazi, hakuna geti. Lakini wenye kuta hawakutaka kuondoka mikono mitupu, na mwenyekiti akawapa walichoweza kubeba: mkuu wa waokoaji amekiri kosa, basi asiwe mkuu tena. Wifi akaiweka kofia nyekundu mezani, akaunyoosha ukingo wake, akasema asante. Mimi nilikuwa natafuta wa kumrarua. Akanishika mkono, tukatoka.

Asubuhi nilimkuta kazini kichwa wazi, maana kofia ya njano ya ziada haikuwepo. Alikuwa ameshasimama majini, ameshachomeka bendera, ameshafagia njia. Mama akaja polepole akishika ukuta. Hatukuwa tumemwambia lolote, si la geti, si la mkutano. Wifi akachukua kiti.

"Kofia yako iko wapi, mwanangu?"

"Nimemwachia mwenzangu, Mama."

Mama akamtazama yule mwenzake aliyekuwa akipita na kofia nyekundu. Akakitazama kibao kipya, rangi haijakauka. Akamtazama wifi. Mama yangu ana magoti mabovu, macho hayana shida.

Huyu ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona nje kichwa wazi, hata siku tuliyomzika baba. Akafungua kitambaa chake, akamwinamisha wifi, akamfunga, akakaza ncha nyuma ya shingo. Mvi zake zote zikabaki nje kwenye upepo, na hakuzishika.

"Jua ni kali," akasema. "Haya, nipeleke kwenye maji."