Tikiti Maji Juu ya Godoro la Mzee Zoumana

Zoumana Diarra, fundi magodoro wa mtaa wetu hapa Ségou, amejaza sufi miaka arobaini, na sifa yake ni moja: ukilala juu ya kazi yake unazama. Inasemekana wateja wake hutafutwa asubuhi kwa kupapasa.

Kwa hiyo mkwewe, Assitan, alipojifungua binti, mzee alijifungia siku tatu. Akatoka na kigodoro cha kitanda cha mtoto kilichovimba kama andazi, mito minne na blanketi zito.

Assitan akapiga goti, akashukuru. Kisha akaja kwangu, mpwa wa mzee ninayekaa ua huohuo. Kliniki walimwambia mtoto alale chali juu ya godoro gumu, bila mto wala blanketi zito, kwa sababu akizamisha pua hana nguvu ya kujinasua.

"Mwambie baba mkwe," nikasema.

"Nimwambie mimi? Shemeji, mzee ameshona siku tatu."

Nasema wazi: heshima inayomziba mama mdomo huku mwanawe yuko hatarini ni kamba, na kamba hukatwa. Nikaenda kuikata mwenyewe. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huko chuoni ulishona magodoro mangapi?"

Nikarudi mikono mitupu. Siku hiyo Assitan alimlaza mtoto mkekani, akakesha akimkodolea macho.

Akabaki mtu mmoja: Korotoumou Traoré, muuza matikiti wa mlangoni kwetu. Koo za Traoré na Diarra ni watani, na tusi lao ni maharage. Mtani hakasirikiwi, na akiomba kitu hanyimwi. Tukamweleza yote. Akachagua tikiti la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akalichora macho, pua na mdomo kwa mkaa.

"Diarra, mla maharage," alimwita mzee akiingia, "mwanangu amechoka. Nipe mahali pa kumlaza."

"Traoré, mwizi wa maharage, mwanao amekuzidi uzuri. Mlaze."

Akalilaza kifudifudi juu ya kigodoro kipya. Tikiti likazama pua, likazama masikio, mto mmoja ukaliangukia kisogoni. Korotoumou akashika tama.

"Poleni wafiwa. Hata jina alikuwa hajapewa."

Ua mzima ukacheka, mzee kuliko wote, mpaka akajifuta machozi. Kisha akalitazama tikiti, akamtazama mjukuu mkekani.

"Mwanangu, ulijua?" alimuuliza Assitan.

"Kliniki walisema, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, baba?"

Mzee akakuna kichwa. "Siku nyingine nitukane, kama huyu."

"Kigodoro hiki ni changu sasa," Korotoumou akadakia, "na mito, na blanketi. Mtoto mshonee kingine. Tikiti likizama tena, nitakuja kuuzia matikiti chumbani kwako."

Mzee akaacha sufi. Akashindilia pamba kwa mchi siku mbili, majirani wakiuliza pamba imemkosea nini. Akashona mishono ya karibukaribu, akapima kitanda mara tatu ili pembeni usipite hata mkono, akavuta shuka moja ikakazika kama ngozi ya ngoma. Tikiti lilipowekwa halikuzama hata pua. Lilibingirika, likagonga ubao wa kitanda, likapasuka. Tukalila.

Siku hizi mtoto, aliyepewa jina la Sétou, analala chali, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, kitandani hamna kingine. Mama yake naye analala. Mzee huweka kigoda karibu, na humwambia kila mgeni, "Bonyeza hapo. Hakibonyei."

Juzi Korotoumou alikuja amejishika kiuno.

"Diarra, kigodoro chako kimenimeza kuanzia pua. Nimebaki miguu tu nje."

"Si ungelala chali," mzee akamjibu.