Muhuri Uliokwenda Kanyenye

Wiki ya kwanza ya kazi yake ya likizo, shangazi yangu Apolinaria aliosha vikombe. Wiki ya pili aliosha vikombe tena, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na watu waliingia na matope, akaongezewa kupiga deki kibarazani. Hakuwa ameacha kwenda kwao kulima ili apige deki. Lakini alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, amelelewa na masista, na hakujua mtu anaanzaje kumwambia karani mkuu kwamba hakuja kwa ajili ya vikombe.

Ilikuwa mwaka 1955. Boma lilikuwa limeziomba shule za sekondari za Tabora zitoe majina ya wanafunzi wa kufanya kazi ya mshahara katika ofisi za Serikali ya Wenyeji wakati wa likizo ndefu, wajionee jinsi kodi, masoko na mahakama za watemi zinavyoendeshwa. Karibu wote waliotajwa walikuwa wavulana. Shule ya shangazi ilitoa jina moja tu, Apolinaria Mahona, binti wa wakulima Wakatoliki, ambaye angeweza kulala kwa mjomba wake pale Isevya. Katika ofisi aliyopangiwa alimkuta mwanafunzi mwenzake, Tobias, mpwa wa karani mkuu. Tobias alipewa meza na mashine ya taipu siku ileile ya kwanza.

Siku hiyo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alifika mwenyewe kuwaona. Alikuwa mzee aliyekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alisema atakayefanya vyema ataitwa kila likizo, na akimaliza shule atapewa ukarani wa mahakama. Kisha akamtazama Apolinaria. "Na msichana akifaulu, mwakani tutaomba wasichana wengine."

Ukarani wa mahakama ndicho kitu pekee alichokitaka. Alipokuwa mdogo alimsindikiza mama yake kwenye kesi ya shamba. Mama alizungumza asubuhi nzima, akalia, akaonyesha mipaka kwa mikono. Karani akaandika mistari miwili. Tangu siku ile Apolinaria alitaka kukaa kwenye kiti kile aandike yote.

Basi akaosha vikombe, akasubiri.

Nafasi ilikuja kwa msiba. Mama wa karani mkuu, Mzee Raymundi Ngollo, alifariki kijijini kwao upande wa Usoke, kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Makarani wote wakajipakia kwenye lori kwenda kuzika, na Tobias pamoja nao kwa kuwa marehemu alikuwa bibi yake. Kabla ya kuondoka, Mzee Ngollo akamkabidhi Apolinaria ufunguo na muhuri wa ofisi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Leo ofisi ni wewe, binti. Wenye ng'ombe wakija na vibali vya kuuza, tazama kama mwanangwa anayesimamia kijiji chao ameweka sahihi. Ameweka, gonga. Hajaweka, mrudishe. Zaidi ya hapo usifanye kitu."

"Ndiyo, mzee. Pole sana."

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu."

Akabaki na Mzee Abbasi, tarishi, ambaye alipokuwa hana barua ya kupeleka alisinzia mlangoni. Apolinaria alikaa mezani. Watu walikuwa wamejipanga na vibali vyao hadi nje. Alisoma kila kibali hadi mwisho, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. Mtu mmoja alimwambia, "Mwanangu, ng'ombe wangu atazeeka hapo nje," lakini hakumkasirikia. Alisema baadaye kwamba saa zile chache ndizo alizoishi vizuri kuliko zote za likizo ile.

Kisha kikasikika kilio nje. Kilikuwa kilio kikubwa mno, cha mtu anayelia kwa mashairi, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka kabla hawajamwona anayelia.

Aliingia Omari, fundi baiskeli wa Kanyenye. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na msafara kutoka pwani akabaki, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za njia. Alikuwa amevaa koti ndani nje na kujipaka majivu usoni.

"Yuko wapi Ngollo? Mama yake amekufa bila kuniaga! Mwanamke mkorofi yule, hata kifo kilimwogopa, kimemzungukia miaka themanini!"

"Amekwenda kuzika, mtani," alisema Apolinaria.

"Kuzika nani? Mimi sijatoa ruhusa!" Omari akakaa kwenye kiti cha karani mkuu, akapandisha miguu mezani. "Na wewe Mnyamwezi mdogo unafanya nini hapa? Nyinyi mmezaliwa na alama ya mzigo begani. Nani amekuweka kwenye kiti?"

Watu wakamtazama Apolinaria. Mbele ya wageni alikuwa na aibu iliyomfunga ulimi, lakini mtani hajibiwi kwa kimya. Akasema, "Tulibeba mizigo tukafika. Babu yako alifika akashindwa kurudi. Miguu ya kula nazi haiwezi njia."

Walicheka mpaka Mzee Abbasi akaamka. Omari mwenyewe alicheka zaidi ya wote, akajipangusa machozi, na majivu yakafanya mistari mashavuni. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua muhuri.

"Sasa sikilizeni. Ofisi hii imefiwa. Haifanyi kazi mpaka mtani apewe haki yake."

"Haki gani?"

"Jogoo. Na asiwe mwenye mafua."

"Mzee Omari, watu wanasubiri."

"Hata mimi nasubiri. Ukipata jogoo, niko Kanyenye kwenye baiskeli zangu." Akautia muhuri mfukoni.

Apolinaria alisimama. Angeweza kumzuia mlangoni. Mtu wa makamo, mwembamba, mcheshi, asingemsukuma. Lakini kumkatalia mtani siku ya msiba ni kumvunjia heshima mfiwa. Ni kama kusema marehemu hakuwa mtu wa watu. Wenye ng'ombe walikuwa wa kwanza kukubali. "Mwache achukue, ni haki yake," alisema mmoja, na mwingine akasema kama Omari asingekuja wao wenyewe wangeshangaa. Apolinaria akamtuma Mzee Abbasi akatafute jogoo sokoni, na foleni ikakaa chini kusubiri, ikiendelea kucheka miguu ya nazi.

Abbasi hakuwa amerudi wakati Landrova ya Boma iliposimama nje. Hakushuka Bwana Shauri bali msaidizi wake, kijana mgeni aliyeletwa mwaka huo, na askari mmoja. Alikuwa na karatasi iliyotakiwa kugongwa muhuri iwahi treni ya mchana.

"Muhuri uko wapi?"

"Haupo, bwana. Umechukuliwa na mtani."

"Mtani ni karani?"

"Hapana, bwana."

"Ni ndugu yako?"

"Si ndugu."

"Ni rafiki yako?"

"Si rafiki, bwana. Ni mtani."

Foleni nzima ikainuka kumsaidia. Wote walisema kwa pamoja: kuna msiba, kuna jogoo, tangu zamani, tangu misafara, Mzaramo na Mnyamwezi, hata wewe bwana ungekuwa Mzaramo ungechukua. Kijana yule aliinua mkono wanyamaze. Uso ulikuwa umemwiva.

"Si ndugu, si rafiki, si mfanyakazi. Ameingia katika ofisi ya serikali, amechukua muhuri wa serikali, na anataka alipwe ndipo aurudishe. Mtu huyo ni mwizi. Nipe jina lake, askari akamlete."

Vicheko vikakatika. Kila mtu pale alimjua Omari na kibanda chake, na hakuna aliyefungua mdomo. Apolinaria aliona kwamba yote yamebaki kwake. Akisema muhuri ulichukuliwa, yeye ameibiwa tu, na fundi baiskeli mwenye watoto anakwenda kulala rumande kwa kuwa amefanya alichopaswa kufanya. Akisema vingine, kiti cha karani hakipo tena.

"Hakuiba, bwana. Nilimpa mimi."

"Ulimpa? Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Kaulete."

Alikimbia. Njiani alikutana na Mzee Abbasi anarudi na jogoo kwapani, akamnyang'anya, akaendelea mbio kuvuka mitaa hadi Kanyenye, watu wakimshangaa msichana mwenye sare ya shule na jogoo anayepiga kelele. Omari alikuwa ameinama juu ya gurudumu.

"Jogoo gani huyu? Huyu si wa kuliwa, huyu ni wa kuombewa dua!"

"Nipe muhuri, Mzee Omari. Mzungu yuko ofisini na askari."

Akautoa mara moja. Mzaha ulimtoka usoni, akashika spana kana kwamba ndiyo itakayomwambia la kufanya. "Nakuja na wewe. Nitamwambia nimechukua mimi."

"Usije."

"Mwanangu, siwezi kukuacha ulaumiwe kwa ajili yangu."

Hapo alitamani kumpigia kelele. Alitaka kumwambia kwamba ameshalaumiwa, kwamba jogoo mmoja amemla yeye. Lakini huwezi kumgombeza mtani kwa utani. Hasira haina mlango wa kutokea. Na kama angemwachia dalili yoyote ya hasira, Omari angemfuata, aseme ukweli, afungwe. Ikabidi acheke. "Ukija na majivu hayo atadhani umetoka kaburini. Kaa hapa ule jogoo wako. Miguu yako haifiki ofisini."

Omari akacheka, akakaa. Apolinaria akarudi mbio na muhuri.

Msaidizi aligonga karatasi yake mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisema kazi ya serikali inataka mtu anayeweza kusema hapana, na kwamba Boma litamlipa siku alizofanya, asirudi kesho. Karatasi ilikuwa imeshachelewa treni. Kwa kuwa sasa hakukuwa na wa kuwagongea, wenye ng'ombe wakaondoka na vibali vyao hivyo hivyo, na kila mmoja alipompita alimwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu." Alisema maneno hayo yalimchoma kuliko ya yule kijana.

Mzee Ngollo aliporudi kutoka matangani alikwenda Isevya mwenyewe, kwa miguu, kumshukuru.

"Umenizikia mama yangu," alisema. "Hata mimi nisingefanya zaidi."

Apolinaria, ambaye kwa kawaida mbele ya wazee aliangalia chini, safari hii aliinua macho. "Basi nisemee Boma, mzee. Waambie hivyo hivyo."

Mzee Ngollo aligeuza kofia mikononi. "Nikiwaambia, wataniuliza kwa nini niliuacha muhuri kwa mtoto. Nina miaka mitatu nipate pensheni. Unanielewa, binti?"

"Nakuelewa, mzee," alisema, kwa kuwa hakuna jibu lingine analopewa mtu mzima aliyekuja kukushukuru.

Akaenda Boma peke yake. Mtu aliyemjua hakuamini, maana hata kanisani alisoma somo kwa sauti ambayo benchi la pili halikuisikia. Alikaa kibarazani tangu asubuhi. Matarishi walimwambia Bwana Shauri ana wageni, kisha ana chakula, kisha amelala kidogo. Jua lilipokuwa limeinama ndipo mlango ulipofunguliwa na mzee yule akamwambia aingie, akae.

Alieleza yote. Alipofika kwenye majivu na koti, Bwana Shauri alianza kutabasamu. Alipofika kwenye jogoo akacheka kwa sauti.

"Utani! Najua utani. Nilipokuwa kijana kama yule msaidizi wangu, Mgogo mmoja alimvua mpishi wangu Mnyamwezi viatu njiani, nikataka kumfunga. Wote wawili walinicheka."

Apolinaria akasogea mbele kitini. "Kwa hiyo, bwana, unajua sikukosa."

"Hukukosa."

"Nirudi kesho?"

Bwana Shauri akaacha kucheka. "Hapana. Ametoa amri mbele ya watu. Nikiivunja, hataweza kufanya kazi hapa tena. Atajifunza, kama nilivyojifunza mimi. Inachukua muda."

"Na mimi, bwana?"

"Wewe una akili. Utapata kazi nyingine."

Apolinaria aliinuka. Alinisimulia kwamba alitafuta neno la kumwambia, la Kiswahili, la Kinyamwezi, hata la Kiingereza alichofundishwa na masista, na yote yalikuwa madogo. Kama msaidizi angekuwa amemfukuza kwa kutojua, ingekuwa nafuu. Sasa alikuwa amefukuzwa na mtu anayejua.

Mwaka uliofuata barua ya Boma ilifika tena shuleni kwao. Sista mkuu aliisoma mbele ya darasa: walitakiwa wavulana tu. Tobias aliitwa kila likizo, na alipomaliza shule akakalia kiti cha karani wa mahakama. Shangazi alisoma ualimu, akafundisha watoto wa darasa la pili kwa miaka thelathini. Wanafunzi wake walipogombana aliwasikiliza mpaka wachoke kusema, na walimu wenzake walimlalamikia kwamba anapoteza kipindi kizima kwa ajili ya penseli.

Mimi nilimuuliza kama aliwahi kumwambia Omari kilichompata. Alisema hakuwahi. Jioni ileile alipotoka Boma alipita Kanyenye, maana ndiyo njia ya kurudi Isevya, na Omari alimwona kwa mbali.

"Karani!" aliita. "Jogoo wako alikuwa mgumu, amenivunja jino! Nani atanilipa jino langu?"

Watu wa barabarani waligeuka, wakasubiri amjibu. Akasimama hapo na viatu vyake vya shule, akamjibu.

"Mshukuru Mungu," alisema. "Limepungua moja la kudanganyia wateja."