Ukurasa wa Hoteli kwa Simu Ndogo

Mjukuu wangu Ornella anatengeneza kurasa za hoteli kwenye intaneti. Mimi sikusoma. Ananionyesha, ninaangalia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa hoteli ya Jean-Marie, hapa Nyamianda. Akaweka picha kubwa ya ziwa, na chini mahali pa mgeni kuandika jina na imeyili. Kwenye telefone pana ya Jean-Marie ilipendeza. Lakini hakuna mgeni aliyeandika.

"Binti, ukurasa huu ni wa kutazama tu," Jean-Marie akamwambia. "Mpaka Jumapili kama hauleti mtu, kazi napatia watu wa Bujumbura."

Kesho yake Ornella akaja kwangu.

"Babu, niazime telefone ya Bibi, nione ukurasa kwenye simu ndogo."

Ni ndogo, kioo kimepasuka. Tangu tumzike mke wangu Murekatete, hakuna aliyeigusa. Nilimpa. Nikaenda naye.

Tulifika Kavimvira, kwa akina mama wanaovusha bidhaa mpakani. Ornella akawaomba wafungue ukurasa kwenye simu zao.

"Weye! Unatafuta mesaje za bwana yangu?" akasema Claire, muuza mchele.

"Bwana yako, nani anamutaka?" Ornella akajibu. "Fungua tu, mama."

Wenzake wakacheka. Claire akafungua. Picha ikakawia, ikajaza kioo chote.

"Ziwa minye naliona kila siku. Chumba kiko wapi?" Akashuka chini. "Na imeyili sina. Minye nabipa, wenye hoteli wanipigie."

Ndivyo tunavyofanya huku: simu inalia kidogo, unakata, mwenye uniti, pesa ya kupigia, anakupigia. Marehemu alikuwa ananibipa kutoka sokoni, nimpokee mzigo. Sasa simu yangu hailii.

Ornella akabadili ukurasa. Kwenye simu ndogo, vyumba vikaja juu, picha ikawa nyepesi, na kitufe kipana: *Bipa, tutakupigia.* Telefone ya Murekatete ikafungua mara moja.

Jean-Marie akakasirika. "Hoteli gani inabipwa? Unanitia aibu!"

"Jumapili haijafika, Baba Jean-Marie."

Jumamosi tulikuwa kwake. Simu ya hoteli ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Jean-Marie akanuna, lakini akapiga. Alikuwa Damien wa Sange, anayeozesha binti yake. Anatafuta pa kulaza wakwe.

"Vyumba vyote?" Jean-Marie akauliza, akasimama. Akafunika simu kwa mkono. "Ornella, ile ya Bujumbura nilikuwa nasema tu."

"Nimesikia, Baba. Ongea na mgeni, uniti zinaisha."