Hodi ya Mzee Nasor

Vumilia ni Mpare, na kwao mtu akipiga hodi anajibiwa "karibu" hata kama mikono yako imejaa sabuni. Ndivyo alivyojiponza siku za mwanzo huku ughaibuni, kule Arlington, kwa Waomani waliowahi kuishi Unguja, alipoajiriwa kumuuguza Bi Zuwena, mgonjwa wa moyo. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wageni, vichwa wazi, mume wa mgonjwa, Mzee Nasor, akapiga hodi. Vumilia akaitikia haraka, "Karibu, babu!"

Mitandio ikagombaniwa. Mzee akarudi kinyumenyume, uso kauficha kwa mkono. Baadaye binti yao, Thuwaiba, akamweleza Vumilia kwa upole. "Wakiwamo wanawake wa nje, humwambii mwanamume karibu. We nyamaza tu. Akisikia kimya atajua hapaingiliki."

Mimi, ninayeishi naye Riverdale Park, nilimwambia hiyo ni kazi ya mlinzi, si ya muuguzi. Akacheka. Nyumba ile ilikuwa na sebule mbili, ya wanaume na ya wanawake, na vyakula vilipitishwa mlangoni bila watu kuonana. "Ni heshima yao, dada," akaniambia. Akajifunza kunyamaza.

Baridi ya mwaka 2006 ilipoanza, Bi Zuwena alizidiwa. Siku aliyofariki, Vumilia alirudi akaketi jikoni na koti lake mwilini, akanisimulia yote bila sauti kupanda wala kushuka. "Sisikii kitu, dada. I'm just tired." Mimi ndiye niliyekasirika, mpaka chai ikanipalia.

Wanawake walifika tangu adhuhuri. Wengine walisoma Yasini, wengine walimkanda bibi miguu. Walimpenda, hilo silipingi. Lakini aliyekuwa karibu na mdomo wake ni Vumilia, akimlowesha midomo kwa pamba, na yeye peke yake ndiye aliyesikia bibi akinong'ona, "Nasor yuko wapi? Niitieni Nasor."

Akamwambia Thuwaiba.

"Wageni wakiondoka ataingia," Thuwaiba akajibu, huku akimimina kahawa. Hakuna aliyejua kwamba muda umekwisha.

Mzee akaja mlangoni. "Hodi." Vumilia akawatazama wanawake. Hakuna aliyenyanyua mtandio. Akanyamaza kama alivyofundishwa. Mzee akapiga hodi tena, kwa sauti ya chini zaidi, kisha makubadhi yake yakasikika yakirudi sebule ya wanaume. Magharibi haijaingia, bibi akakata roho.

Wanawake wakatoka wakilia. Mzee akaingia, akaketi kitandani, akaushika mkono wa mkewe. Vumilia alikuwa akikunja taulo.

"Aliniulizia, mwanangu?"

"Hapana, babu. Alikuwa amelala tu."

"Alhamdulillahi," mzee akasema. "Basi hakunisubiri."

Vumilia akachukua taulo nyingine, akaikunja.